Mwacheni mtoto aongee darasani: niliyowaambia wazazi wa kidato cha kwanza na cha pili, Tanga

Haya niliyasema kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu hapa Tanga mjini. Wazazi ambao siku ile walikuwa kazini au baharini wameomba niyaandike, kwa hiyo nimeyaandika karibu vile vile nilivyoongea, nimepunguza tu pale nilipokuwa nakatishwa na maswali.

Mwenyekiti wa bodi, mkuu wetu wa shule, mheshimiwa mtendaji wa kata, walimu wenzangu, wazee wangu shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Kina mama mliokaa kule chini ya mwembe naomba msogee jamani, viti vipo huku mbele, na hili ninalotaka kuongea linawahusu sana.

Nimepewa muda kidogo nizungumzie taaluma na shughuli za wanafunzi, na najua wengi mmekuja mkitegemea niwasomee matokeo, nani wa kwanza, nani ameshika mkia. Matokeo yamebandikwa pale ubao wa matangazo mtayaona mkitoka. Mimi nataka kuongelea watoto kunyamaza.

Mtoto wa darasa la saba mnamjua alivyo. Anauliza, anabisha, anasimulia habari za shule mpaka unamwambia hebu nyamaza kidogo nisikilize taarifa ya habari. Januari anavaa sare mpya anakuja kwetu kidato cha kwanza, na kabla mwezi haujaisha yule mtoto muongeaji kawa bubu. Wala hajapungukiwa akili. Hisabati, sayansi, jiografia, vyote alivyovisoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, leo vinakuja kwa Kiingereza, na darasani wako zaidi ya 60, akikosea neno moja wenzie wanacheka, basi anaona bora akae kimya. Anakopi notsi. Daftari linajaa, mwandiko mzuri, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mzazi ukilifungua nyumbani unafurahi. Sasa mwambie hebu nielezee hapa ulipoandika maana yake nini. Atakuangalia tu, au atakusomea kile kile alichokopi neno kwa neno.

Na ushahidi kwamba tatizo sio kichwa cha mtoto tunao wenyewe. Tangu Januari 2024 mtaala mpya ulipoanza kidato cha kwanza limekuja somo la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima kwa wote, na linafundishwa kwa Kiswahili. Njooni mkae nyuma ya darasa kipindi hicho. Ni watoto wale wale, madawati yale yale, lakini mikono iko juu, wanabishana, kuna binti alimpinga mwalimu habari za Vita vya Tanga vya Novemba 1914, anasema bibi yake amemsimulia nyuki walivyowavamia askari wa Waingereza, na mwalimu akamwacha amalize yote. Kengele ikilia anaingia mwalimu wa fizikia, na wote wanainamia madaftari.

Sasa wapo wanaosema dawa ni kuwakaza, wakatazwe Kiswahili kabisa. Na ziko shule, mnazijua, mtoto akikutwa anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anatembea nacho mpaka amkamate mwenzie naye anaongea ndio amvishe yeye. Mimi hilo nalipinga na nitalipinga mpaka nistaafu. Kile kibao hakimfundishi mtoto Kiingereza hata neno moja, kinamfundisha kuchunga mdomo wake na kupeleleza wenzake. Mtoto akishaonewa aibu kwa sababu ya kuongea, kesho ukimuuliza swali la kemia umpate wapi? Hapa kwetu hamna kibao, mkuu wa shule ameshalisema na mimi nalirudia mbele yenu.

Tunachofanya sisi ni kumpa mtoto kitu mkononi kwanza. Yaani akiwa na kitu anakishika, anakipima, kinabadilika mbele ya macho yake, hawezi kunyamaza, lazima aseme. Ataanza kwa Kiswahili, sawa, mwache aseme kwa Kiswahili, jambo likishamkaa kichwani mwalimu anampa Kiingereza chake na yeye anakipokea kwa sababu sasa ana kitu cha kukisemea. Ndio maana mnaona watoto wanatoka nje, wanabeba machupa, wanakuja na mchanga, na wengine mmenipigia simu kuuliza mwalimu mbona siku hizi wanacheza sana.

Niwaambie walichofanya na choya, maana ile ndio ilileta simu nyingi. Watoto wa klabu ya sayansi tuliwaambia kila mmoja aje na choya kavu, ile ile rozela mnayotengenezea juisi, kiganja kimoja tu. Wengine wakaleta ndimu, ukwaju, magadi, jivu la jikoni, kipande cha sabuni ya kufulia. Maabara yetu vifaa ni vichache na madawa yakiisha huwa tunasubiri, sasa tutasubiri mpaka lini? Tukakata chupa za maji zilizotupwa zikawa bika, tukachemsha choya kwenye sufuria ya jikoni kwa mama wa uji, maji yakatoka mekundu kama mnavyoyajua. Kila kikundi kikagawiwa maji yale kwenye vichupa vyao. Ukikamulia ndimu, wekundu unakolea unang'aa. Weka ukwaju, vile vile. Halafu kuna kijana akamimina maji ya jivu yaliyochujwa, na ile rangi ikageuka, wekundu ukapotea ikawa kama kijani hivi imechanganyika na bluu, na darasa zima likapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja dirishani kuona kuna nini.

Hapo ndio somo lilipoanza. Kwa nini sabuni na jivu na magadi vinafanana, na ndimu na ukwaju vinafanana? Wakapanga wenyewe makundi mawili kabla hatujawaambia kwamba hizi ni asidi na zile ni besi. Binti mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake akasema, mwalimu, sasa hii ya kijani nikiikamulia ndimu itarudi nyekundu? Nikamwambia jaribu. Akakamua kidogo kidogo, ikarudi. Akaijaribu tena na tena kupeleka huku na kurudisha, na wenzie wamemzunguka anawaeleza. Wazazi wangu, lile swali alilouliza yule binti ndilo swali kubwa kabisa la mada ile, kwamba asidi na besi zinakutana zinamalizana nguvu, na kalifikia peke yake na kipande cha ndimu. Wiki iliyofuata akasimama kulieleza kwa Kiingereza. Sentensi zilikuwa zinachechemea, lakini alikuwa anajua anachokisema, na hakuna aliyecheka.

Mtaniuliza, haya yanatoka kwenye mtihani? Swali halali kabisa, kidato cha pili kuna upimaji wa taifa na asiyefaulu anarudia darasa, sisi walimu tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Jibu ni ndiyo yanatoka, na yanatoka kwa namna ambayo mtoto aliyekariri anakwama. Wanampa jedwali la rangi na vitu wanamuuliza kipi ni asidi na kwa nini, sasa aliyekariri tafsiri ya asidi anabaki anaitafuta ile sentensi yake, aliyechemsha choya anakumbuka alichokiona. Na ule mtaala mpya umejengwa kwenye umahiri, kwamba mtoto aweze kufanya. Vijana wengine wanasoma mkondo wa amali, ufundi kabisa, lakini hata hawa wa mkondo wa jumla wanasoma Elimu ya Biashara kwa lazima, na somo la biashara mtu akilisomea kwenye notsi peke yake hata genge la nyanya haliwezi.

Wazee wangu wa mstari wa mbele hapa wapo mliosoma middle school zile za mwisho wa ukoloni, darasa la tano mpaka la nane. Mnakumbuka shamba la shule lilivyokuwa sehemu ya masomo, mnakumbuka karakana. Na Mwalimu Nyerere alivyotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe inafanya kazi na inafikiri kwa pamoja. Tatizo huko katikati sehemu nyingi kazi ya mikono ikageuka adhabu, mtoto akichelewa ndio anapelekwa kulima, akapoteza hamu ya shamba na ya darasa vyote viwili. Mimi nataka tuiondoe hiyo kabisa. Bustani ya shule haitakuwa adhabu tena, ile ni maabara, watoto wanapima matuta, wanahesabu mbegu zilizoota na ambazo hazikuota, wanaandika. Anayechelewa tutaongea naye kwa njia nyingine.

Na mji wetu huu una masomo kila kona. Chukua mkonge tu. Dr. Richard Hindorf, yule Mjerumani mtaalamu wa kilimo, alileta miche ya mkonge huku mwaka 1893 kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Mwalimu wa hisabati akiweka namba hizo mbili ubaoni ana kipindi kizima, maana mlingoti mmoja wa mkonge juu kule unatoa miche midogo mingi sana, wapigeni watoto hesabu ya miche 62 inakuwaje mashamba yote yale kuanzia Pongwe mpaka Korogwe. Mwalimu wa historia anaendelea na manamba, wale vibarua wa mkataba walioletwa kukata, walitoka wapi, walilala wapi, walilipwa vipi, na hapo tunawahitaji wazee, kwa sababu wapo wajukuu wa manamba humu humu kwenye kikao. Mwalimu wa sayansi naye anataka jani moja waliparue watoe nyuzi. Mapango ya Amboni pale Kiomoni, mtoto wa Tanga anamaliza shule hajawahi kuyaingia wakati watu wanatoka mbali kuja kuyaona, yale ni mawe ya chokaa, maji yenye asidi kidogo yameyala kwa muda mrefu sana mpaka yakawa vyumba, na hiyo ni jiografia na kemia kwa mkupuo mmoja, tena ni ile ile habari ya asidi. Baharini kwetu kuna silikanti, samaki ambao wataalamu waliamini wametoweka zamani za madinosaria mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na hapa Tanga pana hifadhi yao maalumu. Mtoto wa mvuvi wa Mwambani kwa nini asome habari za samaki wa nchi za watu tu?

Sasa nije kwenye bahari, maana hapa ndipo nilipofurahi kuliko pote. Kidato cha kwanza jiografia kuna mada ya mfumo wa jua, na mwezi, na kupwa na kujaa kwa maji. Kwenye kitabu kuna mchoro, jua, dunia, mwezi, mishale. Mwaka hadi mwaka watoto wanauchora mchoro ule. Safari hii tukachukua ufito mrefu, tukaupaka rangi kila sentimita 10, tukaenda nao ufukweni asubuhi na wazazi wawili wa kutusindikiza, tukauchomeka, kila nusu saa kikundi kinasoma maji yamefika wapi wanaandika. Kabla hatujaondoka shuleni nikawauliza tu, je, leo maji yatakuwaje? Kimya. Halafu kijana mmoja, baba yake yuko soko la samaki la Deep Sea pale na mama yake huwa anaenda kuchokoa pweza, akasema polepole, mwalimu leo bamvua, maji yanapwa sana saa nne saa tano hivi, yatajaa saa kumi jioni. Nikamwambia endelea. Akaendelea wallahi kama aliyefunguliwa bomba. Akaeleza bamvua linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu ambapo maji hayaendi mbali, kwamba kila siku maji yanachelewa kidogo kuliko jana, karibu saa nzima, ndio maana mama yake saa ya kwenda mwambani inabadilika kila siku.

Sasa tazameni. Huyu kijana amekaa na mimi muhula mzima hajanyoosha mkono, na jambo lenyewe analijua kuliko kitabu. Kitabu kinasema jua, mwezi na dunia vikikaa kwenye mstari mmoja maji yanavutwa zaidi, na hiyo ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, sawasawa na alivyosema. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, sawasawa na alivyosema. Alichokuwa hana ni kujua kwamba anachokifahamu kwao nyumbani ndio hicho hicho kiko kwenye ule mchoro wa mishale. Tulivyofika ufukweni hakuna kikundi ambacho hakikumtaka. Namba walizokuja nazo tukazichora grafu ubaoni, na grafu ile bado ipo, mkitoka hapa pitieni darasa la mwisho mkaione, msione tu rangi zimepishana pishana.

Darasani tunafanyaje na watoto 60 na kitu? Vikundi vya sita sita, na kila mtoto ana kazi yake, kuna anayesoma maelekezo, anayeandika, anayepima, anayetunza saa, anayetafuta vifaa, na msemaji. Kazi zinazunguka kila wiki, kwa hiyo hamna mtoto atakayejificha nyuma ya mwenye kujua, zamu ya msemaji itamfikia tu. Na ndani ya kikundi wanaongea lugha wanayoitaka, msemaji akisimama mbele anajaribu Kiingereza, akikwama anamalizia Kiswahili na mwalimu anamsaidia. Kelele zipo. Mkipita koridoni mkasikia kelele msidhani mwalimu hayupo.

Michezo sitaongea sana, UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, mnaijua na timu yetu ya netiboli mnaijua, naomba tu wazazi wa mabinti msiwakataze mazoezi, mavazi ya stara yanaruhusiwa kwenye mazoezi yetu na wanacheza vizuri tu. Mdahalo ni Ijumaa kabla ya kutawanyika kwa ajili ya swala, mwanzoni walikuwa wanashiriki wale wale watatu, sasa tumeweka zamu kimadarasa.

Kuna ishu ya muda, na hii ni lazima tuimalize leo. Klabu zinaanza saa tisa na nusu, madrasa nyingi za mtaa wetu zinaanza saa kumi. Mtoto anakatwa vipande viwili, akibaki klabu ustadhi anamwadhibu kwa kuchelewa, akiondoka anakosa jaribio ambalo wenzie wamelifanya. Nimeshaongea na maustadhi wa Makorora na wa Chumbageni, tumekubaliana kitu kizuri, klabu ziwe Jumatano na Jumamosi asubuhi, na Jumatano madrasa itawapokea watoto wetu saa kumi na moja bila adhabu, mradi wawe na karatasi yenye sahihi ya mwalimu. Elimu ile ni yao na hii ni yao, haifai mtoto alie kwa sababu sisi watu wazima hatujaongea. Mzazi ambaye ustadhi wake hajafikiwa aniletee namba yake ya simu leo.

Na tyusheni. Najua mnawapenda watoto, mnatoa hela mnayoitafuta kwa shida, lakini tyusheni nyingi ni kukopi tena notsi zile zile alizokopi asubuhi. Ile hela ni bora uchangie chakula cha mchana. Mtoto aliyekunywa uji saa nne peke yake, saa tisa hana nguvu ya kushika kitu wala kufikiri, na hapo mimi na ufito wangu na choya zangu sina la kumfanyia. Kamati imepanga debe la mahindi na kilo tano za maharage kwa muhula, mwenye uwezo zaidi aongeze, asiye na uwezo aje aongee na mwalimu wa malezi kimya kimya, hakuna mtoto atakayeangalia wenzie wakila.

Kitu kingine mnachoweza kufanya hakina gharama. Jioni usimuulize mtoto umepata ngapi. Muulize leo umefanya nini, halafu umsikilize. Akikwambia tumepima urefu wa mwembe kwa kivuli, mwambie nionyeshe mmefanyaje, chukueni kijiti hapo uani. Hata kama wewe shule uliishia la nne, unaweza kumsikiliza, na akieleza akakwama mahali basi kesho atakuja na swali darasani, sisi tunalitaka swali hilo sana.

Na nawataka na nyie wenyewe. Humu ndani kuna mafundi baiskeli, na Tanga hii baiskeli ndio yetu, njoo utufundishie gia, kwa nini gurudumu dogo linazunguka mara nyingi kuliko kubwa. Kuna mafundi cherehani, wavuvi, kina mama wa mkate wa kumimina, njooni mtueleze hamira inafanya nini unga ukiumuka, watoto wataweka puto juu ya chupa waone hewa yenyewe. Kuna mzee aliyekuwa kiwanda cha kamba za mkonge, nimeshamwona pale. Hatuhitaji Kiingereza chako wala cheti, tunahitaji dakika 40 zako na vifaa vyako.

Ratiba ni hii. Jumatano inayokuja fundi baiskeli wa kwanza, tumeshaongea naye. Jumamosi ya bamvua lijalo kidato cha kwanza B na C wanaenda ufukweni na ufito, tunahitaji wazazi wanne wanaojua kuogelea, na mtoto asiye na karatasi ya ruhusa haendi, karatasi ziko kwa mwalimu wa zamu mezani pale, zisainiwe kabla hamjaondoka. Safari ya Amboni ni muhula wa pili, nauli ya daladala na kiingilio kamati italeta hesabu yake na mtaijadili. Wale wa choya, safari hii leteni na maganda ya vitunguu maji vyekundu, tunataka kuona kama nayo yanageuka rangi. Asanteni sana wazazi wangu, sasa mwenye swali anyooshe mkono, tuanze na kina mama.